Lishe si ya watoto peke yao

Miongoni mwa barua zinazofika katika ofisi ya msikiti kuomba nafasi ya kutangaza baada ya Swala ya Ijumaa, zile za wauzaji wa dawa za kupunguza unene zimezidi kuwa nyingi, kiasi cha kukaribia zile za michango ya ujenzi. Huyu ana chai ya majani inayoyeyusha mafuta ya tumbo kwa siku 10. Yule ana unga wa kukorogwa kwa maji ya moto na kunywewa badala ya mlo wa jioni. Mwingine ana vidonge ambavyo, kwa maelezo yake, ni mitishamba mitupu na vina asili katika tiba ya Mtume (s.a.w.). Karibu wote humalizia kwa kuahidi kwamba sehemu ya mauzo itaingia katika mfuko wa msikiti.

Kamati yetu huwajibu kwa adabu, na jibu ni moja: kipaza sauti cha msikiti hakitangazi dawa. Hatuidharau biashara ya mtu. Tunaizingatia hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kwamba mwenye kujitia katika utabibu, ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Mafaqihi wamejenga juu ya maana hiyo mlango mzima wa dhamana ya tabibu. Ikiwa asiye tabibu ataulizwa, basi na aliyempa mimbari asidhani kuwa ataachwa.

Hata hivyo, Ijumaa moja baada ya kutolewa maelezo hayo, ulitujia ujumbe kutoka upande wa kina mama: “Shehe, hawa mmetukataza. Basi tuelekezeni twende kwa nani.” Hilo ni swali la haki. Aliyefunga mlango mmoja anapaswa kuonyesha mwingine, na safu ya wiki hii imetengwa kwa ajili hiyo.

Jibu fupi ni kwamba mtu anayetafutwa yupo na amesomea kazi hiyo. Serikali ilikwisha kuagiza kila halmashauri iwe na afisa lishe; kwa hiyo sisi wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara tuna wa kumwendea, ndugu zetu wa Mlimba wana wao, na walio ng'ambo ya mto, katika Ulanga na Malinyi, vilevile. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunamjua mtu huyu kuwa ni wa watoto. Neno “lishe” likitajwa, picha inayotujia ni ya mama aliyebeba mtoto, kadi ya kliniki mkononi, na mzani wa kuning'iniza. Mtu mzima mwenye kilo 95 hajioni ndani ya picha hiyo. Akienda, huona haya. Na wapo watakaomuuliza mtoto yuko wapi.

Picha hiyo ina historia yake. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na adui aliyekuwa mlangoni wakati ule alikuwa njaa na upungufu: utapiamlo wa watoto, upungufu wa damu kwa wajawazito, rovu la shingoni kwa kukosa madini joto, na macho yanayopofuka kwa kukosa vitamini A. Huduma zikapangwa kumkabili adui huyo, na kazi yake haijaisha. Lakini adui wa pili ameingia kwa mlango wa nyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliwakuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na utafiti huo huo uliwakuta wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakiwa na uzito uliozidi au unene. Mwaka 2010 wanawake hao walikuwa 22. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango hicho kimezidi kupanda. Ndiyo kusema, yawezekana katika nyumba moja, kwa chungu kimoja, mtoto akadumaa na mama yake akanenepa kupita kiasi. Anayeshangaa na aitazame sahani: wali umejaa hadi ukingoni, mchuzi una mafuta juu, na mboga ya majani ni kijiko kimoja pembeni. Mtoto hapati cha kumjenga, na mama anapata cha kumzidi.

Sisi wa bonde la Kilombero tunakaa juu ya ghala, na ghala hili lina mtihani wake. Mchele wetu unatafutwa hadi Dar es Salaam, na kwa kuwa ni wetu, tunaula asubuhi ukiwa kiporo, mchana ukiwa wa moto na usiku tena. Zamani mwili ulikuwa na mahali pa kuutumia. Mtu alitoka Ifakara kwa baiskeli hadi kivukoni, akavuka, akaendelea kupiga pedali upande wa Lupiro, akalima kwa jembe la mkono, na jioni akarudi na mzigo kwa njia ile ile. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2018, mwenye uwezo huchukuliwa na bodaboda kutoka mlangoni kwake hadi ukingoni mwa jaruba, na huko trekta dogo limeshatangulia. Hizi ni neema, na mwenye kuzikufuru ana makosa. Jembe limepumzika, lakini sahani haijapungua hata punje. Kisha soda imekuwa heshima ya mgeni, mafuta ya kukaangia yanauzwa kwa vipimo vidogo ambavyo kila mfuko unavimudu, na chai isiyo na vijiko vitatu vya sukari huhesabiwa kuwa ni chai ya mgonjwa.

Wala tusijifiche nyuma ya kina mama. Wanaume tunaokaa barazani na kahawa na kashata kuanzia Alasiri hadi Magharibi, nikiwamo mimi na wenzangu wa kamati, matumbo yetu yanatutangulia kuingia msikitini.

Sasa tumtazame huyo mtaalamu, na namna ya kumfikia. Njia iliyo nyepesi kwa wengi ni kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kusema haja yako kwa maneno yaliyo wazi: “Ninataka kupimwa uzito, urefu, mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu na sukari, kisha nielekezwe kwa mtaalamu wa lishe.” Ukisema “ninajisikia mzito” utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Ukitaja vipimo kwa majina yake, utasikilizwa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo asiishie hapo. Aende hospitali anakohudhuria na amwambie daktari wake kwamba anataka kupunguza uzito chini ya uangalizi. Kwa walio wengi hapa mjini hospitali hiyo ni ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kikatoliki, na ambamo Waislamu wengi wa bonde hili tumezaliwa. Ukifika, uliza mapokezi ni siku gani mtaalamu wa lishe huonana na watu wazima, na kama una bima, uliza pia kama inagharimia huduma hiyo. Ni bora kuuliza mara mbili kuliko kupoteza nauli.

Kuna ndugu watakaosema kwamba kumwendea mtu wa lishe kwa ajili ya unene ni mambo ya wenye pesa wa mijini, na kwamba Muislamu inamtosha kufunga Jumatatu na Alhamisi. Saumu ina malipo yake mbele ya Allah (s.w.), na sina la kupunguza katika hilo. Lakini Imam Malik amepokea katika Muwatta habari ya mtu aliyejeruhiwa zama za Mtume (s.a.w.), wakaitwa watu wawili kumtazama, naye Mtume akauliza ni yupi kati yao aliye mjuzi zaidi wa tiba. Ibn al-Qayyim alipoieleza habari hii alitoa funzo kwamba katika kila fani hutafutwa aliye mjuzi zaidi, kisha anayemfuatia. Habari nyingine, ambayo wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, inaeleza kuwa Saad bin Abi Waqqas alipougua alielekezwa kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Waliotutangulia katika dini hii walikuwa wakiuliza: nani anajua?

Utamjuaje anayejua? Muulize amesomea wapi. Swali hilo si utovu wa adabu. Hata imamu wetu tulimuuliza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapo Morogoro mjini, hufundisha lishe ya binadamu hadi ngazi ya shahada, kwa hiyo aliyesomea hana sababu ya kuguguma. Kisha tazama mwenendo wake. Mtaalamu wa kweli huuliza kabla ya kusema: unakula nini tangu unapoamka, nani anapika, mnakula sahani moja au kila mtu na yake, unafanya kazi gani, unalala saa ngapi, unatumia dawa gani, umezaa mara ngapi, na katika ukoo wenu kuna kisukari au hakuna. Muuzaji hauliz­i hayo, kwa sababu chupa yake ni ile ile kwa kila mtu. Mtaalamu huahidi kidogo: nusu kilo kwa wiki, au kilo moja ikiwa mambo yamekwenda vizuri sana. Muuzaji huahidi kilo 10 kwa mwezi. Mtaalamu hakuambii uache dawa za daktari. Na zaidi ya yote, hana cha kukuuzia. Ukimaliza kuzungumza naye unaondoka na karatasi na tarehe ya kurudi.

Nitoe mfano ili msomaji ajue atakutana na nini. Tuchukulie mama wa miaka 45, mwenye kilo 86 na urefu wa mita 1.60. Mtaalamu atazidisha urefu huo kwa urefu huo, apate 2.56, kisha atagawa kilo 86 kwa 2.56. Jibu linakaribia 34. Kwa vipimo vinavyotumika duniani, 25 kwenda juu ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene wenye hatari. Atampima na kiuno kwa utepe. Kwa mwanamke sentimita 88 na kwa mwanamume sentimita 102 ndipo hatari inapokuwa kubwa. Hapo mama ataogopa, atadhani ameambiwa arudi kwenye kilo alizoolewa nazo. Hataambiwa hivyo. Ataambiwa kwamba akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito alionao, yaani kilo 4 hadi 8 hivi, shinikizo la damu na sukari vinaweza kuanza kushuka. Hilo ni lengo ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifikia kwa subira ya miezi kadhaa.

Kisha wataipitia siku yake pamoja. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja: hivyo ni vijiko tisa, na kijiko cha chai kisicho na kichuguu kina gramu 4 hivi za sukari, jumla gramu 36 kabla ya kugusa andazi. Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asivuke gramu 25 kwa siku. Mtaalamu hatamwambia aache sukari leo. Atamwambia vijiko vitatu viwe viwili mwezi huu na kimoja mwezi ujao, maana ulimi nao hufundishika. Watafika kwenye mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu kubwa kuliko ndizi mbivu ya wastani, nasi humimina kwa jicho. Atapendekeza yapimwe kwa kijiko, na siku ya wali wa nazi mchuzi usiwe na mafuta mengine. Watafika kwenye sahani, na hapa ndipo bonde letu linapotajirika: nusu ya sahani iwe matembele, mchicha, majani ya maboga, mlenda au bamia, robo iwe samaki, maharage au kunde, na robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali wa dona. Kambale na perege wa mto huu hawahitaji kukaangwa. Mchuzi wa nyanya na limau unawatosha. Hakuna kimoja katika hivi kinachopaswa kuagizwa kutoka mbali. Anayekuandikia vyakula visivyopatikana katika soko la Ifakara hajakusikiliza.

Nani hataikumbuka hapa hadithi ya Miqdam bin Maadikarib, aliyoipokea Tirmidhi, inayogawa tumbo katika theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi? Tumeisikia tangu madrasa. Tofauti ya mtaalamu ni kwamba yeye anatuonyesha theluthi hiyo inaishia wapi katika sahani ya bati iliyopo mbele yetu.

Hadhari moja ni ya uhai, na ninaomba isomwe kwa sauti katika kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari. Anayetumia sindano za insulini au vidonge vya glibenklamidi, kisha akapunguza chakula ghafla kwa ushauri wa jirani, anaweza kushukiwa na sukari hadi akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa na kuzimia. Dawa yake ilipimwa kwa chakula alichokuwa akila. Chakula kikibadilika, dawa nayo huenda ikahitaji kubadilishwa, na wa kuibadilisha ni daktari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban watu 9, na shinikizo la damu kwa watu 26, katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo katika safu moja ya msikiti iliyojaa, tusidhani kuwa tunazungumza habari za watu wa mbali.

Nirudi kwa wauzaji, kwa kuwa wanatumia jina la dini. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sanamaki. Sanamaki imetajwa katika hadithi, na Ibn al-Qayyim ameieleza katika milango ya tiba. Hakuna Muislamu anayeidharau. Lakini imetajwa kama dawa ya kulainisha tumbo, na hiyo ndiyo kazi yake hadi leo. Inaharakisha utumbo mpana, ilhali chakula kimeshanyonywa katika utumbo mwembamba kabla ya kufika huko. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mtu anapanda mzanini asubuhi, anaona kilo mbili zimeondoka, anashukuru. Akinywa maji, zinarudi. Akiendelea wiki kwa wiki, hupungukiwa na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji, na hatari huzidi kwa mwenye shinikizo la damu ambaye tayari anatumia vidonge vya kutoa maji. Kuichukua dawa iliyowekwa kwa haja ya siku moja na kuifanya kinywaji cha kila jioni, kisha kuinasibisha na Sunna, ni kumsemea Mtume (s.a.w.) asilolisema.

Vidonge vina hatari kubwa zaidi. Dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikipunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kuwa inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Tangu hapo wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza unene zinazouzwa kwa jina la mitishamba. Mnunuzi hawezi kuiona kwa macho wala kuionja kwa ulimi. Hapa nchini dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, vyakula viko chini ya Shirika la Viwango, na tiba asili ina baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Muuzaji aliye mkweli anajua bidhaa yake imesajiliwa kwa nani, na atakuonyesha karatasi. Mwenye kukasirika akiulizwa karatasi, ameshajibu.

Lipo jambo jingine ambalo kina mama hulisema kwa kunong'ona. Katika nchi yetu tumepita miaka ambayo mtu akikonda, majirani humhesabia siku zake. UKIMWI ulitufundisha kuogopa kukonda kuliko kunenepa, na hofu hiyo haijatoka vifuani. Mwanamke aliyepunguza kilo sita kwa jasho lake huulizwa kisimani na sokoni ana nini, na wapo walioamua kunenepa tena ili maneno yaishe. Kwa watu wa msikiti nasema: hiyo ni dhana mbaya, na mnajua hukumu yake. Kwa mwenye kupungua nasema: tarehe zako za kliniki na vipimo vyako vinakutosha kuwa na utulivu. Ama aliyepungua bila kukusudia, huyo naye aende akapimwe haraka, kwa kuwa kisukari na kifua kikuu huanza hivyo.

Na kwa waume. Zipo nyumba ambamo unene wa mke umekuwa silaha: akikosea chumvi anakumbushwa tumbo lake, na akijibu anatishiwa ukewenza. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, naye Bibi Aisha akashinda; miaka ikapita, mwili wake ukaongezeka, wakashindana tena, akashinda Mtume, akamwambia kwa utani kwamba huu ni malipo ya ule. Mwili wa mke uliongezeka, na alichokifanya mume ni kumwalika wakimbie pamoja. Mwanamume anayetaka mkewe apungue na aanze kwa kutoa nauli ya kwenda kwa mtaalamu, akubali sahani yake mwenyewe ibadilike, na atembee naye baada ya Alfajiri kabla jua halijawa kali. Mke hawezi kupika vyungu viwili, kimoja cha afya na kimoja cha bwana.

Kuhusu stara, hakuna kikwazo. Kupima uzito, urefu na kiuno hakumlazimishi mwanamke kuvua. Utepe hupita juu ya nguo nyepesi, na anaweza kuomba apimwe na mhudumu wa kike. Akikosekana, anaruhusiwa kwenda na mumewe au maharimu wake. Wala asiache kwenda kwa sababu hiyo, kwa kuwa haja ya matibabu ina nafasi yake katika fiqhi.

Lililobaki ni la wakati. Wengi hungoja Ramadhani wakitumaini kwamba mwezi utawapunguza, kisha hutoka mwezini wamezidi. Si ajabu, maana futari yetu ni uji wa sukari, tende, kaimati, tambi, mihogo ya nazi na viazi vitamu, na baada ya Tarawehe wali unapakuliwa kana kwamba hakuna kilichoingia. Mwenye unene pamoja na kisukari au shinikizo la damu asingoje mwandamo. Aende katika mwezi wa Rajabu au mwanzoni mwa Shaaban, ili kama kuna dawa ya kuhamishwa saa au kupunguzwa, pawepo na siku za kutosha za kujaribu na kurudi kupimwa. Amuulize daktari waziwazi kama hali yake inaruhusu kufunga. Akiambiwa funga, aandikiwe dawa za daku na za futari. Akiambiwa asifunge, asione haya kuja kwa imamu na jibu hilo, aelezwe kama atalipa siku zake baadaye au atatoa fidia, na ni kibaba gani kwa kila siku.